Kufunga Darubini kwenye Bunduki ya Kuwindia: Mada kwa Wawindaji wenye Leseni wa Kibaha na Kisarawe

1. Utangulizi

Nyati aliyejeruhiwa mara nyingi hakimbilii mbali. Huingia kichakani, akageuka kutazama alikotoka, akasubiri. Kusini mwa Kisarawe, kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kichaka hicho ndicho wanakijiji wanachoingia kesho yake kutafuta kuni. Huenda mwindaji aliyempiga alilenga sawasawa, mkono wake ukiwa umetulia na jicho halikumdanganya. Kosa lilikuwa juu ya bunduki yenyewe: darubini ilikuwa imelegea.

Hesabu yake ni fupi. Darubini hushikwa na pete mbili. Pete hizo zikiwa zimeachana sentimita 12, na moja ikasogea nusu milimita tu, risasi itapotoka zaidi ya sentimita 40 kwa shabaha iliyo mita 100. Moyo na mapafu ya pongo havina upana huo. Kwa hiyo mnyama atapigwa tumboni au mguuni, au risasi itampita na kwenda isikojulikana.

Mada hii inatetea hoja moja: kufunga darubini ni sehemu ya uwindaji, sawa na kufuata nyayo na kusoma upepo. Usalama wa majirani wa pori huanzia kwenye skrubu.

2. Vichaka vya Pwani vinataka darubini ya namna gani

Ushauri mwingi kuhusu darubini umetoka kwenye nchi za mbuga wazi na miteremko ya milima, ambako mnyama hupigwa akiwa mita 200 au 300. Mwindaji wa Pwani hana nafasi hiyo. Katika vichaka vya ukanda huu mnyama huonekana akiwa mita 60, mita 30, na mara nyingine karibu zaidi, nusu ya mwili ikiwa imefichwa na majani.

Darubini inayokuza mara 10 huonyesha, kwa umbali wa mita 30, duara lenye upana wa takriban mita moja tu. Nyati ana urefu unaozidi mita mbili. Mwindaji atakayemtazama kwa darubini hiyo ataona ngozi nyeusi imejaa kioo kizima, asijue kama anatazama bega au paja. Darubini inayoanzia mara 1 au 1.5 na kuishia mara 4 au 6 inamfaa zaidi, kwani kwa ukuzaji mdogo humwonyesha mnyama mzima pamoja na tawi lililo mbele yake.

Jambo la pili ni nafasi ya jicho, yaani umbali kati ya jicho na kioo cha nyuma. Kwa wanyama hatari, Tanzania hudai bunduki isiyo chini ya .375. Risasi maarufu ya ukubwa huo ilitolewa na kampuni ya Holland & Holland ya London mwaka 1912. Ina uzito wa kama gramu 19.4 na hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 770 kwa sekunde. Teke lake ni kubwa. Darubini yenye nafasi ya jicho iliyo chini ya sentimita 9 ina hatari ya kumrudia mpigaji na kumchana juu ya nyusi. Aliyewahi kuchanwa huanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na tabia hiyo huchukua muda mrefu kuiacha.

3. Bunduki na vikalio vya darubini

Gobole na bunduki ya marisau hazihusiki na mada hii. Zinapiga karibu, na darubini haiziongezei kitu. Mazungumzo ni juu ya raifo.

Raifo nyingi za kuwindia duniani zimefuata muundo wa Mauser wa mwaka 1898. Kwa bunduki za zamani za aina hiyo, vikwazo viwili hujitokeza. Mpini wa bolti ukiinuliwa hugonga darubini, na kizuizi cha usalama kilichoko nyuma ya bolti husimama wima mahali ambapo darubini inatakiwa kupita. Dawa yake ni kupinda au kubadilisha mpini na kuweka kizuizi cha aina nyingine, kazi ambayo ni ya fundi wa silaha mwenye leseni peke yake. Chuma cha bolti hubeba mgandamizo mkubwa wa baruti, na moto wa gereji ya mtaani unaweza kukilainisha.

Bunduki za CZ 550 kutoka Jamhuri ya Cheki zina mifereji iliyochongwa juu ya mwili wa bunduki, yenye upana wa milimita 19. Hizo hutaka pete zake maalumu. Nyingine hufungwa reli, nazo reli zinazofanana kwa macho si lazima zilingane. Nafasi za reli ya Picatinny zina upana wa milimita 5.2, za Weaver milimita 4.6. Pete ya Picatinny haiingii kwenye Weaver, na anayeilazimisha kwa nyundo anaharibu vyote viwili.

Bomba la darubini nalo lina vipimo viwili vya kawaida: milimita 25.4 na milimita 30. Pete ya 30 iliyojaziwa mpira wa baiskeli ili ishike bomba la 25.4 haitavumilia mateke ya .375.

4. Hatua za kufunga

Kwanza, risasi zote zitolewe na bolti ichomolewe. Hata kama mwenye bunduki ameapa kwamba haina kitu, mkono uguse chemba na jicho lione mwanga upande wa pili wa mtutu.

Pili, mashimo ya skrubu yasafishwe kwa spiriti. Grisi iliyobaki ndani ndiyo inayolegeza skrubu baadaye. Kikalio, yaani reli au msingi unaobeba pete, kifungwe, kisha nusu za chini za pete, na darubini ilazwe juu yake bila kulazimishwa. Isipokaa vizuri yenyewe, pete haziko kwenye mstari mmoja; zirekebishwe kwanza.

Tatu, jicho lipimwe. Mwindaji afumbe macho, apandishe bunduki begani kama afanyavyo porini, kisha afumbue. Akiona duara kamili lisilo na kivuli pembeni, darubini iko mahali pake. Akiona kivuli, isogezwe mbele au nyuma. Shingo isinyooshwe kuifuata darubini. Kipimo kifanywe akiwa amesimama na akiwa ameketi, kwa ukuzaji mdogo na mkubwa.

Nne, msalaba wa kulengea ulio ndani ya darubini unyooshwe. Hapa kifaa cha fundi uashi kinatosha: timazi. Itundikwe umbali wa mita 20, bunduki isawazishwe kwa pimamaji, na mstari wa wima wa msalaba ulazwe juu ya uzi wa timazi. Msalaba ulioinama huipeleka risasi pembeni kadiri umbali unavyoongezeka.

Tano, skrubu zikazwe kwa kupishana, kidogo kidogo, kama nati za gurudumu la gari. Pete nyingi huhitaji nguvu ya kama Nm 2, ingawa kijikaratasi cha mtengenezaji ndicho cha kufuatwa. Nguvu hiyo ni sawa na kuning'iniza kilo moja ya sukari kwenye ncha ya mpini wa sentimita 20. Ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Anayekaza kwa nguvu zote za mkono huliminya bomba, na vioo vya ndani hukwama.

5. Kuipatanisha na mtutu

Bolti ikiwa bado nje, bunduki ilazwe juu ya mifuko ya mchanga, na shabaha itazamwe kupitia mtutu kwa umbali wa mita 25. Kisha vifundo vya darubini vizungushwe mpaka msalaba ufike palepale. Hilo huokoa risasi nyingi.

Baada ya hapo hupigwa risasi tatu, na kinachopimwa ni katikati ya matundu yote matatu. Kwa darubini nyingi, kila kifundo kinapolia "tiki" risasi huhama milimita 7 kwa mita 100. Kundi likiwa sentimita 14 kushoto, zinatakiwa tiki 20 kwenda kulia. Kwa mita 50 tiki moja ni milimita 3.5 tu, na kosa la sentimita 14 hutaka tiki 40. Mtutu upoe kati ya kundi na kundi, na risasi ziwe zilezile zitakazopelekwa porini. Kubadili aina ya risasi ni kuanza upya.

6. Barabara, unyevu na sheria

Bunduki iliyopimwa Kibaha inaweza kufika Vikumburu, Kisarawe, ikiwa imeharibika shabaha. Barabara za vumbi zenye makorongo hutikisa gari kwa saa kadhaa, na skrubu hulegea. Mstari mwembamba wa rangi ya kucha, uliochorwa kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye pete, huonyesha mara moja kama skrubu imegeuka.

Unyevu wa masika nao hula chuma. Bunduki isilazwe ndani ya mfuko uliofungwa ikiwa na maji, na vioo visifutwe kwa kanga au shati lenye mchanga. Darubini nyingi za kisasa zimejazwa gesi kavu ili zisiingie ukungu. Anayezifungua nyumbani hupoteza gesi hiyo.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda usiku, na pia kuwinda kutoka kwenye gari au ndani ya mita 200 kutoka lilipo. Mwindaji halali, basi, hutembea na bunduki yake mchana kati ya matawi na miiba, na darubini fupi nyepesi humfaa kuliko ndefu nzito. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 nayo inasimamia umiliki na ufundi wa silaha. Upimaji wa shabaha ufanyike mahali panapokubaliwa na polisi, kamwe si pembezoni mwa misitu ya hifadhi kama Pugu na Kazimzumbwi.

7. Mapendekezo kwa majadiliano

Semina inaombwa kujadili mambo matatu. La kwanza ni siku ya pamoja ya kukagua na kupima bunduki, kabla msimu haujafunguliwa Julai 1, ikihusisha polisi wa wilaya na maofisa wa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. La pili ni wawindaji kukubaliana kwamba bunduki iliyoanguka, hata kama darubini haina mchubuko, haimlengi mnyama mpaka ipigwe tena kwenye shabaha. La tatu ni kuchanga na kununua bisibisi moja ya kupimia nguvu kwa kila kundi la wawindaji, pamoja na kuamua itatunzwa na nani, Kibaha au Kisarawe.