Nani Amelipia Maneno Haya?



Mwezi wa Machi 2018, televisheni ya Uingereza, Channel 4, ilionyesha wakubwa wa kampuni ya Cambridge Analytica wakijisifu kwamba waliendesha kampeni za Uhuru Kenyatta kule Kenya, 2013 na 2017. Mwaka wa 2024, Mfaransa mmoja aliweka dau la zaidi ya dola milioni 30 kwamba Donald Trump atashinda Marekani.

Katika sheria, mwenye faida katika kesi haihukumu. Basi mwenye kulipwa ao mwenye dau si shahidi wa uchaguzi.

Sisi tunajua hasara ya uvumi. Desemba 2018, Beni na Butembo hawakupiga kura ya rais. Watu wakasema Ebola ni siasa. Februari 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa.

Kabla ya kupitisha habari, uliza: nani amesema? Nani amemlipa? Atapata nini? Kama hakuna jibu, habari ikomee kwako.