Sadaka Itolewayo kwa Siri



Ndugu wapenzi, Bwana wetu, alipofundisha mlimani, alitukataza kupiga baragumu mbele ya watu tunapowasaidia maskini (Mt. 6, 1-4). Kwa nini alikataza?

Sikilizeni kwanza habari ya Mtakatifu Nikolao, askofu wa Myra, katika nchi iitwayo leo Uturuki. Aliishi yapata miaka 1,700 iliyopita, nasi twamkumbuka kila tarehe 6 Desemba. Mapokeo yasimulia kwamba palikuwa na mtu aliyefilisika, mwenye binti watatu. Katika nchi ile baba ndiye aliyempa bintiye mali ya kuolewa. Huyu hakuwa na kitu, akakusudia kuwatia binti zake katika biashara ya aibu. Nikolao akasikia. Akapita usiku, akatupa mfuko wa dhahabu dirishani, akaenda zake. Binti wa kwanza akaolewa. Akafanya vile vile kwa wa pili. Mara ya tatu baba alikesha, akamkimbilia, akamtambua. Nikolao akamwagiza asimwambie mtu yeyote muda wote atakaokuwa hai.

Tuangalie basi. Kama angalileta dhahabu mchana, mji wote ungalijua aibu ya nyumba ile. Siri iliwaponya binti, tena ilimhifadhi baba yao. Kwetu vijijini, mjane aliyepewa kikapu cha mihogo mbele ya watu aweza kukaa mwaka mzima kama mtumishi wa aliyempa. Akiitwa kulima, hawezi kukataa. Akisingiziwa neno, hathubutu kujibu. Je, hiyo ni sadaka au ni deni?

Wengine watauliza: Je, Yezu hakusema pia kwamba matendo yetu mema yaonekane (Mt. 5, 16)? Ndiyo, lakini alitaka watu wamtukuze Baba aliye mbinguni, si mtoaji. Mwenye kubeba taa usiku huangaza njia, haelekezi taa usoni pake.

Wengine watasema: Chakula kisichojulikana kilikotoka huogopesha, watu watadhani ni sumu. Hofu hiyo twaijua. Kwa hiyo msiache chakula mlangoni pa mtu. Mkabidhini mama mwenye kuaminiwa na wote, akipeleke kwa jina la wakristu, asimtaje mtoaji. Lipeni karo ya yatima kwa mkono wa mwalimu. Fyekeni njia ya mzee iendayo kisimani, angali amelala. Njia iliyofyekwa haimtii mtu hofu.

Tena jipimeni hivi: mkisikia mwingine anasifiwa kwa kazi mliyoifanya ninyi, nanyi mkanyamaza bila uchungu, hapo sadaka yenu imekuwa ya Mungu kweli.

Swali: Kwa nini twatoa kwa siri?
Jibu: Twatoa kwa siri ili maskini asiaibike, sisi tusijivune, na Mungu peke yake atukuzwe.

Juma hili kila mmoja achague tendo moja la namna hiyo. Msimwambie jirani, wala msituambie sisi makatekista. Wazee walisema: Tenda wema, uende zako. Baba aonaye sirini ameona, yatosha.

Mungu awabariki.