Moyo Wakati wa Hatari



Nimeombwa niseme machache juu ya shinikizo la damu, maradhi yanayotuandama sisi watu wa makamo. Mimi si daktari. Nilisoma bayolojia Chuo Kikuu kabla sijawa mtu wa mafaili.

Shingoni, pale mshipa mkubwa wa damu unapogawanyika panda, mna vihisio vinavyopima shinikizo kila pigo la moyo. Ukiinuka ghafla kitandani, damu huteremka miguuni. Vihisio hupeleka habari kwenye shina la ubongo, nalo huharakisha moyo na kubana mishipa. Shinikizo likizidi, moyo hupunguziwa mwendo. Ni kama boya katika tangi la maji.

Ajabu ni hii. Ukikutana na nyati, shinikizo hupanda na moyo nao huenda mbio, vyote pamoja. Boya halikuharibika, ubongo wa juu umeliinua likae kiwango kipya. Damu hupunguzwa tumboni ikapelekwa kwenye misuli ya miguu, na kazi yake mnaijua. Walter Hess wa Uswisi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1949, alichochea kwa umeme sehemu ndogo kwenye kitako cha ubongo wa paka, iitwayo haipothalamasi. Paka alisimamisha manyoya na kufoka kama aliyeona mbwa, na mbwa hakuwapo.

Mbwa wetu ni meza ya zahanati. Mtu amefika mbio, anafungwa kipimo mkononi, boya linapanda, anaambiwa 150 kwa 95. Mmoja hukimbilia vidonge vya jirani. Mwingine, ambaye namhofia zaidi, husema "ni woga tu" na harudi tena. Ugonjwa huu mara nyingi hauumi popote, hata figo zinapoharibika.

Basi keti dakika 5, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono mezani usawa wa moyo, mdomo umefungwa (hili ni gumu kwa wenzangu wa bweni letu). Upimwe mara mbili, urudi siku nyingine. Ikiwa bado ni 140 kwa 90 au zaidi, usisingizie woga, mwone daktari.

Muuguzi ameshaweka meza chini ya mwembe. Tuanze sisi wenye mvi. Viti vya kungojea vipo.