Moto wa Jikoni katika Nyumba za Mji wa Kale

Hotuba iliyosomwa na karani wa chama katika mkutano mkuu wa mwaka



Twaomba radhi ikiwa jambo tutakalolinena litaonekana dogo mbele ya hesabu za chama na habari za mazishi mliyokwisha kuzisikia. Lakini wanakamati wanaoshika mfuko wa msaada wajua ya kuwa fedha zilizotoka mwaka huu kwa ajili ya hospitali si za homa na ajali za barabarani peke yake. Sehemu yake ilikwenda kwa watu walioumizwa na moto uliowashwa kupika chakula. Ndiyo sababu kamati ikatuagiza tuseme nanyi leo, na maneno haya yachapwe katika taarifa ya mwaka ili na wasiohudhuria wayasome.

Wakati wa masika yaliyopita tuliitwa usiku katika nyumba ya mwanachama mmoja, upande wa Kibokoni. Chumbani mlikuwamo mzazi aliyekuwa angali katika siku zake arubaini, mwanawe mchanga, na mavyaa wake aliyekuja kumwangalia. Kwa kuwa mvua haikukatika na nguo za mtoto hazikukauka, seredani ilikuwa imeingizwa ndani. Makaa yalikuwa yamewiva, mekundu, hayana moshi hata chembe, na dirisha lilifungwa ili upepo usimpige mtoto. Usiku wa manane mavyaa aliamka akiumwa na kichwa. Alipojaribu kusimama akaanguka, na kishindo chake ndicho kilichowaamsha wapangaji wa chumba cha pili. Walipofungua mlango walimkuta mzazi haitiki, na mtoto amelegea. Wakawabeba wote hata barazani wapate hewa, kisha wakawakimbiza hospitali. Twamshukuru Mungu, wote watatu wa hai.

Siku ya pili tulipokwenda kuwajulia hali, kila mtu alituuliza swali lile lile: mbona hapakuwa na moshi?

Basi hapo ndipo penye hatari. Makaa yawakapo hutoa hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo huingia pafuni pamoja na pumzi, ikashikana na damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili ukakosa oksijeni huku mtu akidhani avuta pumzi njema. Moshi humwonya mtu kwa kumtoa machozi na kumkohoza. Makaa yaliyowiva hayamwonyi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na viungo kulegea, na aliyelala huenda asizisikie kabisa. Wakiumwa hivyo watu wawili au watatu wa chumba kimoja kwa wakati mmoja, msitafute aliyekula nini. Watoeni nje kwanza, kisha waende kwa daktari hata wakijiona wamepata nafuu.

Wazee wetu, hasa mama zetu, tafadhalini mtusikilize vyema hapa. Hatusemi kwamba kumpasha mzazi joto ni desturi mbaya. Twasema joto na liingie chumbani, makaa yabaki nje. Maji ya moto yatiwe katika chupa iliyofungwa sawasawa, izongwe kwa leso, iwekwe karibu na mzazi pasipo kumgusa mtoto. Nguo zipashwe moto uani, ziletwe ndani zikiwa na joto lake. Hata chetezo cha udi, ijapokuwa makaa yake ni machache, kipite chumbani dirisha likiwa wazi, kisha kitolewe.

Yafaa tukumbuke pia kwamba waliojenga nyumba hizi walijua kuupa moto mahali pake. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zimelala juu ya boriti za mikoko, na madirisha mengi ni madogo kwa sababu ya jua. Chumba kama hicho hakikukusudiwa kuwekwa jiko. Jiko lilikaa uani, ambako juu ni mbingu, au juu kabisa ya nyumba chini ya makuti, moshi ukajiendea zake. Leo nyumba iliyokuwa ya jamaa moja ina wapangaji watano au sita, ua umejengwa vyumba, na kila mmoja hupika mlangoni pake, au chini ya ngazi, au kando ya kitanda. Hatuwalaumu, kwani kodi ya nyumba kisiwani twaijua sote. Wala mpangaji hawezi kutoboa dirisha jipya atakavyo, maana Mji wa Kale ni eneo lililohifadhiwa, na kuta zake hazibomolewi bila idhini. Lakini madirisha yaliyopo mengi yamezibwa kwa makabati na masanduku, na kuyaondoa hayo hakuhitaji idhini ya mtu.

Wako wanaosema, "Sisi twatumia jiko la udongo lililovikwa bati, hilo halina neno." Jiko hilo, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980 kwa mfano uliotoka Thailand, kweli lapunguza gharama ya makaa. Lakini makaa ni yale yale na hewa yake ni ile ile.

Wengi sasa wamehamia gesi, nasi twawaunga mkono, kwa kuwa haina moshi wala masizi. Ila tabia yake yapasa kujulikana. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, bali hutambaa sakafuni, ikateremka ngazi kama maji, ikajikusanya chini alipolala mtu mwingine asiye na habari. Kwa asili haina harufu, na uvundo tuusikiao hutiwa makusudi ili utuonye. Ukiusikia, usiwashe kiberiti, wala usiguse swichi ya taa, hata kuizima, maana cheche ndogo yatosha. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, watoe watu, uwaite jirani wa chini kwa sauti wala si kwa kengele ya umeme. Mtungi usimame wima daima. Usiwekwe chini ya ngazi ikiwa ngazi hiyo ndiyo njia pekee ya kutokea. Na kila ubadilishapo mtungi, pakaa povu la sabuni penye viungo vya mpira. Likitoa mapovu yanayokua, panavuja. Wako wanaojaribu kwa njiti ya kiberiti. Hao tunawaombea dua.

Kuhusu mahali pa kununua, msifuate bei peke yake. Wanachama wakumbuka habari za Embakasi, Nairobi, ambako gesi ililipuka usiku wa tarehe 1 Februari 2024, watu wakafa na mamia wakajeruhiwa. Mamlaka ya nishati ilisema kwamba maombi ya kuweka kituo cha gesi mahali pale yalikuwa yamekataliwa. Mtungi uliojazwa kichochoroni hujui una nini ndani wala valvu yake ina hali gani.

Kwa wanaotumia stovu ya mafuta ya taa twasema neno moja tu: zima, ngoja ipoe, ndipo uongeze mafuta.

Mafuta ya kukaangia nayo, hasa alasiri za Ramadhani ambapo karai za viazi na bajia huwa zimejaa mafuta na mpishi ana haraka ya magharibi, yakishika moto msiyamwagie maji. Maji huzama chini ya mafuta, yakageuka mvuke kwa ghafula na kuurusha moto hata darini. Zima jiko ukiweza kulifikia, funika karai kwa sinia au kifuniko kikubwa, usiifunue mpaka ipoe, wala usiibebe. Ncha za leso zifungwe, na mpini wa sufuria ugeuzwe mbali na mkono wa mtoto.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi, si barafu, kwa muda wa dakika 20. Bomba likiwa kavu, kama tulivyozoea, atekewe kwa kata pole pole. Asipakwe dawa ya meno, wala yai, wala asali, wala samli.

Gari la zimamoto halipiti katika vichochoro vyetu vingi. Kwa hiyo kamati yawaomba wenye mikokoteni na pikipiki wasizifungie penye midomo ya vichochoro usiku.

Mwisho, vijana wawili wa chama wenye ufundi wamekubali kupita nyumba kwa nyumba kutazama mipira ya gesi na madirisha, bila malipo. Anayependa kutembelewa aandikishe jina lake kwetu baada ya mkutano, na wanaokaa juu ya ngazi moja waandikishe pamoja. Yule mavyaa tuliyemtaja amekwisha kuandikisha, na jina lake ni la kwanza. Seredani yake sasa hulala uani, imefunikwa karai.