Sumaku Mbili Juu ya Mizani

Weka sumaku moja juu ya mizani, uifunge nyingine juu yake kwa umbali uliopimwa, kisha ugeuze ncha za mojawapo. Zikikaribiana sana, mvutano huelekea kuzidi msukumano. Chuma kilichomo ndani ya mizani nacho huvuta, ndiyo, lakini gogo fupi la mbao kati ya mizani na sumaku ya chini hulimaliza tatizo hilo, na tofauti hubaki. Je, basi kanuni ya mvutano ni tofauti na ya msukumano? Siafiki. Sumaku zinazovutana huimarishana. Zinazosukumana hudhoofishana, hasa zile za chuma. Kilichobadilika ni sumaku zenyewe, wala si kanuni aliyoichunguza mwanafizikia Coulomb nchini Ufaransa mwaka 1785. Anayetaka ushahidi safi atumie koili mbili za shaba zisizo na chuma: akigeuza mkondo wa umeme katika moja, nguvu hugeuka mwelekeo tu, kiasi kikibaki kilekile.