Delosperma Bustanini: Nafasi ya Maji na Udongo katika Utunzaji wa Mmea Unaofunika Ardhi

Utangulizi

Mada hii inahusu delosperma, jenasi ya mimea ya mapambo yenye majani manono, ambayo hutambaa, hufunika ardhi kwa tandiko zito la kijani na kuchanua maua yanayong'aa wakati wa jua kali. Hoja inayotetewa ni kwamba mmea huu ukiwa bustanini hufa kwa maji yanayotuama kwenye mizizi mara nyingi zaidi kuliko unavyokufa kwa ukame, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya utunzaji wake hufanyika kabla ya mche wa kwanza kutiwa ardhini, pale mtunza bustani anapochagua mahali na kuandaa udongo. Kwa "majani manono" inakusudiwa majani mazito yenye tishu za kuhifadhi maji, na kwa "mmea unaofunika ardhi" inakusudiwa mmea mfupi unaotandaa kwa upana kuliko unavyokwenda juu. Katika delosperma kimo huwa cha sentimita 10 hadi 15, ilhali mche mmoja waweza kutandaa hadi sentimita 60.

Asili ya mmea na mafunzo yake

Delosperma ni ya familia ya Aizoaceae, ambayo ina zaidi ya spishi 1,700, nyingi kati yake zikiwa za kusini mwa Afrika. Spishi inayofahamika zaidi bustanini ni Delosperma cooperi, yenye maua ya zambarau iliyokolea, ambayo hutoka Afrika Kusini na Lesotho. Ilipewa jina la Thomas Cooper, Mwingereza aliyekusanya mimea huko Afrika Kusini kati ya mwaka 1859 na 1862. Joseph Dalton Hooker aliieleza kitaalamu mwaka 1877 akiiweka katika jenasi ya Mesembryanthemum, ambayo wakati huo ilikuwa imebebeshwa mimea mingi mno isiyofanana, hadi N. E. Brown, aliyekuwa mkwe wa Cooper huyohuyo, alipoitenga jenasi ya Delosperma mwaka 1925. Baadaye Louisa Bolus, mtaalamu wa mimea wa Afrika Kusini, ndiye aliyeihamishia spishi hii katika jenasi hiyo.

Linalomfaa mtunza bustani katika historia hii ni hali ya hewa ya nyanda za juu za huko, ambako mvua hunyesha katika majira ya joto, majira ya baridi huwa makavu, na mimea mingi ya jenasi hii huota kwenye miamba na udongo wa changarawe usioshika maji. Ndiyo maana D. cooperi huweza kustahimili baridi ya hadi nyuzi 20 chini ya sifuri katika kipimo cha selsiasi pale ambapo udongo ni mkavu, lakini huoza kwa urahisi katika nchi kama Uingereza, ambako baridi ni ndogo zaidi ila huandamana na unyevu wa muda mrefu. Katika mji wa Denver nchini Marekani, ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,600 na wenye mvua haba, Panayoti Kelaidis wa bustani ya mimea ya mji huo alifanya kazi kubwa ya kuzifikisha delosperma kwa wakulima wa maua, na huko zimekuwa miongoni mwa mimea inayotegemewa katika bustani zinazotumia maji kidogo. Mifano hii miwili, ikiwekwa pamoja, yaonyesha kwamba adui wa mmea huu si baridi wala ukame, bali ni unyevu usiokwisha.

Jenasi hii haiishii kusini mwa bara. Delosperma nakurense, iliyopewa jina la Nakuru, ni mwenyeji wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, na inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa sasa, kwa kuwa ndiyo iliyotumiwa na watafiti wa Taasisi ya Max Planck ya mjini Potsdam, Ujerumani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu namna vitumba vya mbegu vinavyofunguka. Kitumba ni tunda kavu lenye vyumba vya mbegu, na katika delosperma hubaki kimefungwa wakati wote wa ukavu, kisha kikipata mvua vifuniko vyake hukunjuka kuelekea nje kwa dakika chache, matone yakarusha mbegu, na kinapokauka hujifunga tena. Kazi hii yote hufanywa na tishu zilizokwisha kufa: ndani ya seli za sehemu zinazokiinua kifuniko mna tabaka la selulosi ambalo hufyonza maji na kufura, na mpangilio wa seli hizo huugeuza mfuro kuwa mwendo wa kukunjuka. Watafiti hao walivutiwa na jambo hilo kwa sababu linaonyesha namna ya kutengeneza vitu vinavyojisogeza vyenyewe bila mota. Kwa mmea, faida ni kwamba mbegu haziachwi huru mpaka udongo umelowa.

Maumbile yanayoongoza utunzaji

Mimea mingi ya familia hii hutumia njia ya usanisinuru, yaani utengenezaji wa chakula kwa nguvu za jua, inayobana sana matumizi ya maji. Stomata, ambavyo ni vitundu vidogo vya majani vinavyopitisha hewa, hufunguka usiku badala ya mchana. Hewa ya kaboni dayoksaidi inayoingia huhifadhiwa katika umbo la asidi, kisha hutumiwa mchana huku vitundu vimefungwa na maji yakizuiwa kutoka. Baadhi ya mimea ya familia hii hutumia njia hiyo pale tu inapobanwa na ukame. Juu ya ngozi ya jani mna vijiseli vilivyovimba ambavyo humeta juani, na sehemu za ua zinazoonekana kama petali kwa asili yake ni stameni zilizobadilika umbo, nazo ni nyingi na nyembamba. Maua hufunguka jua likiwa kali na kufumba jioni au mawingu yanapotanda, na kwa hiyo mahali pasipopata jua la moja kwa moja kwa saa zisizopungua sita kwa siku patatoa majani bila maua ya kutosha. Katika nyanda kama za Nairobi, ambako miezi ya Juni hadi Agosti huwa na mawingu mengi, uchache wa maua yaliyofunguka katika kipindi hicho haumaanishi ugonjwa, wala haufai kuwa sababu ya kuongeza mbolea.

Kuandaa mahali na udongo

Hapa ndipo penye uzito wa mada yote. Njia rahisi ya kuujua udongo ni kuchimba shimo la kina cha sentimita 30, kulijaza maji, kuyaacha yaishe, kulijaza mara ya pili na kuangalia: maji yakiisha kwa saa chache, mahali panafaa, yakibaki hadi siku ya pili, hapafai bila matengenezo. Watu wengi hudhani kwamba udongo wa mfinyanzi hutengenezwa kwa kuchanganywa na mchanga kidogo, lakini mchanga kidogo katika mfinyanzi mwingi huzidisha ugumu, na shimo lililochimbwa na kujazwa udongo mwepesi katikati ya mfinyanzi hugeuka kisima kinachokusanya maji ya eneo zima. Lililo bora ni kuinua tuta la sentimita 20 hadi 30 juu ya ardhi, lililochanganywa udongo wa kawaida na mchanga mkubwa au kokoto ndogo kwa kiasi kinachokaribia nusu kwa nusu, au kupanda kwenye mteremko, juu ya kuta za mawe na kingo za ngazi, ambako maji hayana pa kukaa. Kwa vyungu, mchanganyiko ni huohuo, na matundu ya chini yasizibwe.

Mboji na samadi nyingi hazihitajiki. Udongo wenye rutuba kubwa, hasa wenye naitrojeni nyingi, hufanya machipukizi yawe marefu na laini, maua yapungue na wadudu wavutike. Matandazo ya nyasi au majani, ambayo katika bustani nyingine ni jambo jema, hapa hushikilia unyevu kwenye shingo ya mmea. Badala yake hutandazwa kokoto za unene wa sentimita mbili au tatu. Kabla ya hayo yote, magugu ya ndago yaondolewe pamoja na viazi vyake vya chini, kwa kuwa yakishaota katikati ya tandiko la delosperma hayawezi kung'olewa bila kulivuruga.

Uzalishaji na upandaji

Njia ya haraka ni vipandikizi, yaani vipande vya shina vya sentimita 8 hadi 10 visivyokuwa na maua, ambavyo huondolewa majani ya chini na kuachwa kivulini kwa siku moja au mbili ili jeraha likauke. Kipandikizi kibichi kikichomekwa kwenye udongo wenye maji huanza kuoza pale kilipokatwa. Mizizi hutoka ndani ya majuma machache. Kwa mbegu, tabia ya kitumba iliyoelezwa hutoa mbinu nzuri: vitumba vikavu hutiwa kwenye bakuli la maji, hufunguka, na mbegu huoshwa na kukusanywa juu ya kitambaa, kisha hunyunyizwa juu ya udongo bila kufukiwa, kwa kuwa ni ndogo sana na huhitaji mwanga. Miche hupandwa kwa nafasi ya sentimita 40 hivi, na wakati unaofaa ni mwishoni mwa mvua, ambapo kuna unyevu wa kuishikiza bila hatari ya mafuriko.

Utunzaji baada ya kupanda

Katika mwezi wa kwanza maji ya mara moja kwa juma yatosha, na baadaye mmea humwagiliwa tu unapoonyesha dalili. Ni muhimu dalili zisichanganywe: majani yaliyosinyaa huku udongo ukiwa mkavu ni kiu, ila majani yaliyosinyaa juu ya udongo wenye maji yaashiria mizizi iliyooza, na majani ya manjano yanayolainika na kupenyeza mwanga huashiria maji yaliyozidi. Kidole kichomekwe udongoni kwanza, ndipo ndoo ishikwe. Vidung'ata, ambao ni wadudu wadogo wenye unga mweupe, hufutwa kwa maji ya sabuni wakiwa bado wachache. Baada ya maua kupungua mashina hupunguzwa, na sehemu za kati zinazokuwa ngumu na tupu baada ya miaka michache hujazwa kwa vipandikizi vipya. Mmea huu hauvumilii kukanyagwa, wala mizizi yake haiendi chini vya kutosha kuzuia mmomonyoko katika mteremko mkali. Hapo uandamane na mimea yenye mizizi mirefu kama vetiva.

Tahadhari mbili

Carpobrotus edulis, ndugu wa delosperma mwenye majani makubwa ya pembe tatu, ulipandwa California mwanzoni mwa karne ya 20 ili kushikilia udongo kando ya reli, kisha ukaenea kwenye matuta ya mchanga ya pwani na kuisonga mimea ya asili. Umefanya hivyohivyo katika pwani za Mediterania. Anayenunua miche aikague, asipewe mmoja akidhani ni mwingine. Aidha, pwani ya Afrika Mashariki, yenye joto na unyevu mwingi wa hewa, haifai kwa D. cooperi, huko Portulaca grandiflora, mwenyeji wa Amerika ya Kusini ambao nao una majani manono na maua yanayofumbuka juani, ni chaguo la busara zaidi.

Kwa nyanda za juu, vitalu na bustani za mimea zinaombwa kuanza kuzalisha D. nakurense kwa vipandikizi na mbegu kutoka mimea mama inayotunzwa kitaluni, badala ya kuing'oa porini, ili wanunuzi waupate mmea wa nchi yao kabla ya kuagiziwa wa kutoka mbali.