Maneno ya Kamati ya Mikopo Kuhusu Joto la Nyumba na Maji ya Moto



Hesabu za hisa zimeshasomwa, hatutazirudia. Kamati ya mikopo tumeomba nafasi hii tuseme juu ya bati.

Si mnakumbuka mwaka 2015 tulipoanza? Mikopo ya mwanzo karibu yote ilikuwa ya bati. Kila mmoja alitaka kutoka kwenye makuti, na alikuwa na haki. Makuti huoza, kila baada ya miaka michache unaezeka upya, na moto ukizuka kwa jirani hamuokoi kitu. Bati nalo linakuvunia maji ya mvua. Tukaidhinisha, tukapiga vigelegele, kila paa lililong'aa tukaliona ni letu sote. Tulichosahau ni kwamba makuti yanapoza. Leo hii mwezi wa pili, saa nane mchana, nani anakaa ndani ya nyumba yake? Tumo chini ya mwembe, na nyumba tuliyoihangaikia mkopo imefungwa kufuli. Usiku watoto wanalala barazani na mbu wao.

Mwaka jana yakaanza kuja maombi ya feni. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, mwenzetu mmoja ameomba mkopo wa kiyoyozi. Hatukumkatalia wala hatukumkubalia. Ana mama mgonjwa ndani, hana raha ya kuomba anasa. Ila ombi lake limetulazimisha kufikiri, na tunamshukuru.

Feni ya dari hula wati 75 au pungufu. Kiyoyozi kidogo, kile cha hosi pawa moja, kinapofanya kazi hula karibu wati 1,000, yaani sawa na feni kumi na tatu. Ukikiweka chini ya bati tupu kitakimbizana na jua kutwa nzima, na LUKU ndiyo itakayochoka kwanza.

Basi tuulize joto lenyewe linaingiaje. Bati jipya hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, lakini lile lililoingia ndani yake haliliachii upesi kurudi angani, ni bahili. Likishashika kutu linanyonya jua kama nguo nyeusi. Kisha linalishusha joto hilo chini kama jiko la mkaa unapopita kando yake: hujaligusa, lakini linakupiga usoni. Ndiyo maana feni peke yake haitoshi. Inapeperusha hewa, lakini jiko bado liko juu ya kichwa chako.

Dawa ya kwanza ni dari. Akina mama wa hapa hatuhitaji mhandisi atufundishe jambo hili, maana wengi wetu tuna kile kikapu cha kupikia: unachemsha maharage, unaitia sufuria katikati ya mito ya sufi, unafunika, unakwenda shambani, na ukirudi yameiva. Sufi haiongezi joto hata chembe, inalizuia lisitoke. Dari nalo linazuia, ila huku joto liko nje na sisi tumo ndani. Hewa iliyo kati ya bati na dari iachiwe njia ya kutoka kwa matundu kwenye kuta za pembeni, yenye wavu wa kuzuia popo. (Msije mkajaza sufi juu ya dari! Inashika moto upesi mno.)

Dawa ya pili ni weupe, na hapa tuliharibu. Mwaka 2021 tulipaka chokaa bati la nyumba ya kikundi, kwa kuwa chokaa ni rahisi na nyeupe hurudisha jua. Kiangazi kile ofisi ilikalika. Masika ilipoingia, chokaa yote ikateremka na mvua hadi kwenye tangi tunalochotea maji, na wanachama walisema nasi maneno tunayoyakumbuka mpaka leo. Sasa tumepaka rangi nyeupe ya bati, isiyo na madini ya risasi kwa sababu maji yale yananywewa. Ni ghali kuliko chokaa, lakini masika mbili zimepita na bado ipo.

Kwa anayejenga upya kuna jambo lisilogharimu hata shilingi, nalo ni kuigeuza nyumba vizuri tangu kamba ya msingi. Huku kwetu jua linapiga kuta za mashariki asubuhi na za magharibi jioni, likiwa chini. Kuta hizo ziwe fupi, madirisha yaelekee kaskazini na kusini, na liwepo dirisha la upande wa pili, maana upepo usio na pa kutokea hauingii. Wazee walijua hayo. Zile nyumba za mawe za Mji Mkongwe Unguja na za Lamu zina kuta nene za mawe na chokaa, dari la juu, na ua wa ndani wenye kivuli. Ukuta mnene huchukua saa nyingi kupata moto. Wenye jamaa Dubai wameona minara ya upepo juu ya nyumba za kale kule, inayoushika upepo na kuushusha chumbani. Hatusemi tujenge minara.

Sasa maji ya moto. Mgeni wa bara hushangaa: Tanga hii, maji ya moto ya nini? Lakini mzazi anakandwa siku arobaini, na wazee hawaogi maji baridi. Kila sufuria ile ni kuni au mkaa. Tukisema kwa hesabu ya umeme, kupasha lita 100, yaani ndoo tano kubwa, kutoka nyuzi 25 hadi 55 ni uniti tatu na nusu. Jua linaifanya kazi hiyo bure, na mtambo wake si ile paneli ya taa. Paneli ya taa hugeuza kama sehemu moja ya tano tu ya jua kuwa umeme. Huu ni kisanduku chenye kioo juu, ndani bamba jeusi na mabomba. Tangi liko juu yake. Maji yakipata moto huwa mepesi, yanapanda yenyewe kwenye tangi, ya baridi yanashuka. Hakuna pampu wala swichi.

Ule wa kwanza tuliununua mwaka 2019, na fundi aliyetuuzia akauunga na kisima. Hakuuliza, nasi hatukusema, kwamba maji yetu yana chumvi. Baada ya mwaka na nusu mabomba yalijaa ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika, mpaka yakaziba. Fedha zile zilikuwa za mfuko wa jamii, na aliyeumia ni mzazi aliyerudi kwenye kuni. Mtambo wa sasa unatumia maji ya mvua peke yake. Siku ya jua kali maji hupita nyuzi 60 na yanaunguza, kwa hiyo kuchanganya na ya baridi kabla ya kumgusa mtoto si hiari.

Wapo waliotucheka kuwa jua ni mchezo. Wajue tu kwamba mwaka 1913, kule Maadi nchini Misri, Mmarekani Frank Shuman alikusanya jua kwa vioo virefu vilivyopinda, akapata mvuke wa kuendeshea pampu ya kumwagilia mashamba kwa maji ya Nile. Na Ouarzazate nchini Moroko, tangu mwaka 2016, vioo vinachemsha mafuta, mafuta yanatoa mvuke, mvuke unazungusha mashine za umeme, na joto linawekwa akiba katika chumvi iliyoyeyushwa ili kazi iendelee jua likishazama. Wao nao chumvi imewasumbua: mwaka 2024 tangi la mtambo wao wa tatu lilivuja, ukasimama kwa miezi.

Pendekezo letu ni hili. Mkopo wa bati usitolewe tena bila fedha za dari ndani yake. Walioezeka zamani wafunguliwe mkopo mdogo wa dari, wa marejesho ya miezi kumi na miwili. Na kiyoyozi kikopeshwe kwa nyumba yenye dari tayari, tukianza na huyo mwenzetu mwenye mgonjwa: dari kwanza, halafu tuone kama bado anakihitaji.

Hatufichi kuwa wawili kati yetu hawakubali. Wanasema mtu na hisa zake, kikundi si baba wa nyumba. Hoja hiyo ina uzito, na mkutano wa Jumapili ndio utakaoamua.

Lakini leo, kabla ya pilau, anayetaka aingie kwenye ofisi, akae kidogo, kisha aende stoo. Bati ni moja na rangi ni moja, ila stoo haina dari. Funguo zote mbili anazo mtunza hazina.